Betri ya Vepu: Usiichemshe, Usiizibie Njia

Kama una betri ya akiba ya vepu na imo mfukoni pamoja na funguo au sarafu, itoe sasa hivi, iweke mezani peke yake, kisha uendelee kusoma. Shauri hili linatangulia kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia majanga ya moto, U.S. Fire Administration, ilikusanya habari zilizoripotiwa nchini humo kuanzia Januari 2009 hadi mwisho wa 2016, ikapata matukio 195 ya sigara za kielektroniki kuwaka au kulipuka. Majeruhi walikuwa 133, na 38 kati yao waliumia vibaya. Katika matukio 61, kifaa au betri yake ya akiba ilikuwa mfukoni. Katika mengine 60 mtu alikuwa anavuta, na katika 48 betri ilikuwa kwenye chaji. Mvutaji huogopea mdomo wake, na paja lake liko hatarini vilevile.

Siandiki hapa kuhusu nikotini, wala siamui kama uvute au uache. Ninachozungumzia ni ile silinda ndogo ya chuma inayotia moto koili. Mengi ya haya yanamfaa pia mwenye tochi kali, aliyejiundia pawabanki, na fundi anayechomoa betri kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, kwa kuwa umbo la betri ni lilelile na hatari zake zinafanana.

Ndani ya silinda

Betri iliyozoeleka kwenye vepu za kubadilisha betri huitwa 18650. Namba hiyo ni kipimo: kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65, na sifuri ya mwisho huonyesha kuwa ni ya mviringo. Ipo pia kubwa yake, 21700. Ndani mna mikanda miwili mirefu ya metali, mmoja wa shaba uliopakwa grafiti na mwingine wa alumini uliopakwa oksidi za metali, imeviringishwa pamoja. Kinachoitenga ni utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Ikijaa, betri hufika volti 4.2. Ikiwa hoi hushuka chini ya volti 3.

Utando huo ndio unaozuia balaa. Plastiki yake huanza kuyeyuka joto likifika kama nyuzi 130 za Selsiasi. Ukiyeyuka, mikanda hugusana, joto hupanda, na joto hilo huamsha mabadiliko ya kikemikali yanayotoa joto jingine juu yake. Kuanzia hapo kuchomoa chaja hakusaidii kitu. Betri hujichochea yenyewe, na iliyojaa chaji inaweza kupita nyuzi 500.

Kabla ya kufika huko, kile kimiminika hugeuka gesi na shinikizo hupanda. Waliotengeneza betri walilijua hilo. Chini ya kofia ya upande wa chanya wameweka kisahani chenye mistari iliyodhoofishwa makusudi ili kipasuke shinikizo likizidi, na ubavuni mwa kofia wametoboa matundu madogo ya kutolea gesi. Betri nyingi zina pia kisahani kinachobinuka na kukata umeme moja kwa moja kabla ya mpasuko. Gesi inapotokea kwenye matundu hayo, betri imepumua, na kazi hiyo ni ileile ya vali ya presha kuka: kumwaga mvuke ili chombo kisalimike. Betri iliyopumua imekufa, lakini haijalipuka. Mlipuko huja gesi inapokosa pa kutokea, au inapozalishwa kwa kasi ambayo matundu hayaimudu.

Kwa hiyo una kazi mbili tu: usiipe betri sababu ya kuchemka, na usiizibie njia.

Ganda la plastiki, na kwa nini ni la kuogopwa likichubuka

Wengi hudhani chanya iko juu, hasi iko chini, na katikati hamna kitu. Sivyo. Kitako, ubavu wote, hadi ule ukingo wa juu unaoizunguka kofia ya chanya, vyote ni hasi. Kati ya kofia na ukingo huo pana nafasi ndogo ambayo unaweza kuiziba kwa ncha ya ufunguo. Kinga iliyopo hapo ni pete ya karatasi ngumu na lile ganda jembamba la rangi lililochapwa jina la kampuni.

Ganda likichanika mahali hapo, ufunguo mmoja unatosha kuunganisha chanya na hasi. Hiyo ndiyo shoti. Betri za vepu zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, kwa hiyo zikipiga shoti zinaweza kumwaga zaidi ya ampea 100 kwa muda mfupi. Plagi ya miguu mitatu iliyo ukutani kwako ina fyuzi ya ampea 13 ya kukatika mambo yakiharibika. Betri nyingi za aina hii hazina fyuzi. Chuma huwa chekundu, betri huchemka, na mfuko wa jinzi huibana palepale kwenye nyama ya paja. Madaktari wa hospitali ya Harborview mjini Seattle walieleza mwaka 2016 juu ya wagonjwa 15 wa milipuko ya vepu waliowapokea kati ya Oktoba 2015 na Juni 2016. Wengi wao walikuwa na majeraha ya moto, na karibu theluthi walikuwa pia wameunguzwa na kemikali za betri. Mapaja, mikono na nyuso ndizo zilizoumia zaidi.

Basi jizoeze kukagua. Kila unapotoa betri kwenye chaja, izungushe taratibu mbele ya mwanga, utazame zaidi ukingo wa juu na ukingo wa chini, maana ndipo kifaa kinapokwaruza. Tundu dogo mno bado ni tundu. Huhitaji kuitupa betri kwa sababu ya ganda peke yake: maganda mapya yanayosinyaa kwa joto yapo na bei yake ni ndogo. Ondoa la zamani kwa kucha (kisu kitakupigia shoti uliyokuwa unaikwepa), hakikisha pete ya karatasi iko mahali pake au weka mpya, vika ganda jipya, kisha pitisha hewa ya mashine ya kukaushia nywele hadi libane. Kiberiti na jiko la gesi viache jikoni. Selotepu nayo haifai, maana gundi yake hulainika joto likipanda na tepu hufunuka ukiwa hujui.

Ikiwa chuma chenyewe kimebonyea, hapo hakuna ukarabati. Mbonyeo wa nje unaweza kuwa umeukunja utando wa ndani, na betri ya namna hiyo huweza kufanya kazi vizuri wiki nzima kabla ya kukugeuka. Itupe kwa utaratibu nitakaoueleza mwishoni.

Betri ya akiba ibebwe kwenye kikasha cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili yake, kila moja katika chumba chake. Kopo la pipi la bati halifai hata kidogo.

Ampea, si mAh

Muuzaji atakuonyesha mAh, yaani betri itadumu muda gani. Cha kuuliza ni ampea, yaani inaweza kutoa umeme kiasi gani mfululizo bila kuchemka. Samsung 25R ina 2500 mAh na kikomo cha ampea 20. LG HG2 ina 3000 mAh na ampea 20. Sony VTC5A, ambayo sasa ni ya Murata, ina 2600 mAh na ampea 25. Vitu hivi viwili huvutana: anayekuahidi vingi vya vyote kwa bei ya chini anakudanganya.

Kwa kifaa chenye sakiti na skrini, chukua wati ulizoweka uzigawanye kwa volti 3.2, si kwa 4.2, kwa sababu betri ikishuka sakiti huvuta ampea zaidi ili wati zisipungue. Kisha ongeza kama sehemu moja ya kumi kwa umeme unaopotea njiani. Wati 80 kwa betri moja hukupa ampea 25, na ukiongeza upotevu zinakaribia 28. Betri ya ampea 20 hapo inateswa. Kwa betri moja ya ampea 20, mimi nisingevuka wati 50. Kifaa cha betri mbili hugawana mzigo, na hapo mambo huwa nafuu, mradi betri hizo ni pacha: aina moja, zimenunuliwa siku moja, zinachajiwa pamoja na kutumika pamoja. Ukiioanisha mpya na kuukuu, kuukuu hukamuliwa hadi kuharibika.

Kisha kuna vifaa vya bomba: chuma kitupu, kitufe, na betri. Hakuna sakiti, hakuna wa kukata umeme ukikosea. Hapo ampea ni volti kugawanya kwa omu za koili. Koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4. Ya omu 0.2 huvuta 21. Ya omu 0.1 huvuta 42, na kwa mzigo huo hakuna 18650 ya kutegemea. Wanaoshindana kufukuza wingu kubwa la mvuke hushuka huko makusudi. Ubaya mwingine umejificha kwenye kifuniko: baadhi ya mabomba hayana kipande cha kati, kwa hiyo pini ya kichwa cha koili hugusa betri moja kwa moja. Kama pini hiyo haikuchomoza kupita nyuzi za skrubu, nyuzi zenyewe zitaigusa kofia ya chanya, na kitufe kikibonyezwa mara moja tu betri inapiga shoti ikiwa imefungiwa ndani ya chuma karibu na uso wako.

Hapa ndipo suala la njia ya gesi linapoonekana wazi. Bomba halali lina matundu ya wazi ya kupitishia gesi. Lisilo nayo, au lililozibwa kwa vibandiko na uchafu, hugeuka mtutu: gesi husukuma ncha moja ikaruka. Mei 2018, mtu mmoja mjini St. Petersburg, Florida, alikufa baada ya vipande vya kifaa chake kumwingia kichwani. Januari 2019 mwingine alikufa Fort Worth, Texas, baada ya kipande kukata mshipa mkubwa wa damu shingoni. Vifo ni vichache mno ukilinganisha na idadi ya wavutaji, hilo ni kweli. Hata hivyo kama hujui kutumia kipima omu, na hupimi kila koili mpya, usinunue kifaa cha bomba. Sioni inachokupa ambacho chenye sakiti hakikupi.

Sasa ujanja wa sokoni. Ukiona 18650 imeandikwa 9900 mAh, cheka uende zako, kwa kuwa hata zile nzuri zilizoenea sokoni huishia karibu na 3500. Betri halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi. Bandia mara nyingi huwa nyepesi waziwazi, na mizani yoyote ya duka la dawa itakuambia. Zile za kuchomolewa kwenye kompyuta nazo ziache kwa tochi. Zilitengenezwa kutoa ampea chache kwa saa nyingi, na kuingia kwake vizuri kwenye kifaa hakuna maana kuwa zinakifaa. Ujue pia kwamba kampuni kubwa zinazotengeneza betri hizi huziuzia viwanda vya kuunda vifaa na hazitaki ziuzwe moja moja mkononi mwa mtumiaji. Januari 2021 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo rasmi kwa umma dhidi ya kununua 18650 za rejareja. Dukani hutaambiwa hivyo.

Chaji

Kwa betri za kutoa, chaja ya pembeni inayochaji kila betri peke yake ni bora kuliko waya wa kifaa. Iweke kasi ya nusu ampea hadi ampea moja. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia na godoro. Usichaji betri iliyotoka kwenye jua kabla haijapoa, kwani kikomo cha kawaida cha kuchajia ni nyuzi 45. Gari lililofungwa vioo juani hupita hapo mapema sana, iwe Mombasa au Maskati. Iliyokaa miezi ikashuka chini ya volti 2 usiifufue: shaba ya ndani inaweza kuwa imeyeyuka na kuota vijidaraja vya shoti.

Vepu za kutupa, zenye betri isiyotoka, zina shauri fupi. Usizifungue. Zenye tundu la kuchajia zitumie chaja dhaifu ya volti 5 na ampea 1, si ile ya haraka ya simu. Ikivimba, ikianza kujiwasha bila kuvutwa, au ikipata joto imelala mezani, kazi yake imekwisha.

Ikianza kupumua

Dalili huja kwa mpangilio: joto lisilo la kawaida, harufu tamu kali ya kemikali inayofanana na ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, kisha mlio wa tss, kisha moshi. Kati ya harufu na moshi unaweza kuwa na dakika, au sekunde chache tu.

Ukihisi joto la ghafla kwenye kifaa, acha kubonyeza. Kama betri inatoka mara moja bila kushindana nayo, itoe na uiweke sakafuni nje. Kama mlio umeshaanza, usijaribu kuitoa. Tupa kifaa kizima kwenye saruji au mchanga, mbali na watu, usiuelekeze uso kwenye ncha yake yoyote, na urudi nyuma hatua kadhaa. Kosa linalotokana na kuihurumia fenicha ni kukitia kwenye droo, kopo au sinki na kufunika. Unakuwa umeziba njia.

Moshi wake una kaboni monoksidi na gesi ya floridi ya hidrojeni inayochoma mapafu. Toka nje, fungua madirisha ukiwa unapita, usikae kuangalia. Kama betri ilikuwa kwenye chaja, zima swichi ya ukutani kwanza. Baada ya hapo maji yanafaa. Imani kwamba maji hayagusi moto wa lithiamu inatokana na metali tupu ya lithiamu. Kwa betri ndogo ya kuchajika, maji mengi huipoza na kuzuia jirani yake isiwake, na wahudumu wa ndege hufundishwa kuyatumia. Mwaga ukiwa mbali, na uendelee hata mwali ukizimika, maana joto la ndani huweza kuuwasha tena.

Ikiwa imepasukia mfukoni, vua nguo hiyo upesi, isipokuwa sehemu iliyogandana na ngozi. Weka jeraha chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, ute wa yai, unga na majivu visiguse jeraha hilo. Hospitalini taja wazi kwamba ni betri ya lithiamu: anayesikia “nimeungua” atatibu moto tu, ilhali kemikali iliyobaki kwenye ngozi huendelea kula, na daktari akijua atapima kama ngozi ina alkali au asidi kabla ya kufunga bendeji. Kama kuna kilichoingia jichoni, suuza kwa maji na uendelee kusuuza njiani.

Safarini, na pa kuitupa

Tangu 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza sigara za kielektroniki kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Zibebe mkononi, zimezimwa, na betri za akiba kwenye vikasha vyake. Kuchaji ndani ya ndege hakuruhusiwi. Angalia pia sheria za unakokwenda: Uganda ilipiga marufuku kuziingiza na kuziuza kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, na Oman nayo imekataza biashara yake.

Betri iliyokwisha, iliyobonyea au iliyopumua usiitie kwenye jaa linalochomwa nyuma ya nyumba. Funika ncha zote mbili kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, iweke kwenye kopo la mchanga mkavu lisilofunikwa, nje, pasipofikiwa na watoto wala mvua. Aliye Nairobi ana kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za umeme, na Rwanda ina kiwanda cha Enviroserve kule Bugesera. Kwingineko waulize wanaonunua betri chakavu za sola kama wanapokea za lithiamu, na uwaambie kabla ya kuwakabidhi ni ipi iliyopumua.